Chumvi isitangulie jina la samaki

Mhariri,

Makala ya samaki wa mapambo katika toleo lenu lililopita iliwatia siklidi wote wa Asia katika tangi moja, ikawapimia kijiko cha chumvi ya mezani kwa kila ndoo, ikaishia hapo. Ushauri huo una kasoro mbili. Samaki wanaoitwa hivyo si wa aina moja, na chumvi yenyewe siyo ile.

Siklidi ndio jamaa ya perege na sato. Afrika na Amerika ya Kusini wamejaa tele, lakini Asia ni wachache mno. India na Sri Lanka zina spishi tatu tu za asili: kromidi wa kijani (Etroplus suratensis), kromidi wa chungwa (Pseudetroplus maculatus) na kromidi wa Canara (Etroplus canarensis). Magharibi ya Asia wapo wengine, kama Iranocichla wa vijito vya kusini mwa Iran, ila hao wanakaribiana zaidi na perege na ni nadra kuwakuta kwa wafugaji. Ajabu ni kwamba jamaa wa karibu kabisa wa hawa watatu hawako bara la Asia wala Afrika bara, wako Madagaska.

Kabla ya kugusa chumvi, mtambue uliye naye. Mpige picha ya ubavu akiwa ametandaza mapezi, uikuze, kisha uhesabu miiba migumu ya pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja. Perege kwa kawaida ana miiba 3. Kromidi ana 12 hivi, ikizidi au kupungua kidogo. Hapo huhitaji kubishana na muuzaji kuhusu rangi. Tazama na pua: siklidi ana tundu moja kila upande, wakati samaki wengi wengine wana mawili. Kipimo hiki humwumbua Scatophagus argus, samaki bapa mwenye madoadoa ambaye naye hupenda maji ya chumvichumvi na huuzwa akiwa mdogo. Huyo si siklidi, na miiba yake ina sumu, kwa hiyo usimshike kwa mkono mtupu.

Kati ya hao watatu, wa chungwa ndiye rahisi. Hukua mpaka sentimita 8 hivi, ana mistari ya vidoa vyekundu, na yule wa asili ana doa jeusi katikati ya ubavu. Wale wa kufugwa mara nyingi ni rangi ya chungwa tupu bila doa, jambo linalowafanya wengi wadhani ni spishi nyingine. Vibao vya zamani humwita Etroplus maculatus. Ni samaki yuleyule. Wa kijani ana milia ya kusimama iliyoinama kidogo, kidoa cheupe kama lulu kwenye magamba mengi, na baka jeusi penye shina la pezi la kifua. Akiwa wa sentimita 5 dukani anapendeza, lakini akipata nafasi hupita sentimita 20. Wa Canara ana milia mipana ya giza juu ya mwili wa manjano na hukomea sentimita 11 hivi. Ni samaki wa mito ya Karnataka, maji baridi matupu (yaani yasiyo na chumvi), na ndiye anayeumia watu wanapomtilia chumvi wakidhani ni mtoto wa kijani. Ukiwa na shaka, usitie chumvi. Mtoto wa kijani atavumilia maji baridi magumu (yenye madini mengi) kwa miezi, hivyo subiri akue ajitambulishe.

Wa kijani ni samaki wa wangwa na midomo ya mito, na akikomaa hustawi zaidi kwenye chumvi kidogo. Wa chungwa huishi maji baridi na ya chumvichumvi pia, lakini maji laini yenye asidi humletea ukungu na mapezi kuoza, kisha mwenyewe huhangaika na dawa wakati kosa liko kwenye maji. Wote wawili wapewe nyuzi 24 hadi 28 na pH (kipimo cha asidi ya maji; ikishuka, asidi imezidi) ya 7.5 hadi 8.5. Mchanga wa matumbawe husaidia kuishikilia pH hiyo, na magogo makubwa huivuta chini.

Chumvi iwe ile ya akwaria za bahari, si ya mezani. Ya mezani karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Haina kalsiamu, magnesiamu wala kabonati za kutosha kushikilia pH. Gramu 6 kwa lita huleta takriban 1.003 kwenye haidromita (kifaa kinachopima chumvi kwa uzito wa maji), na gramu 9 takriban 1.005. Zaidi ya hapo hakuna haja. Koroga chumvi ndooni siku moja kabla, na usiimwage kamwe juu ya samaki. Ukitumia haidromita ya mkono unaocheza, ipigepige kwanza, kwani kipovu kikinasa chini ya mkono huuinua ukasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo.

Hesabu ndiyo huwapotosha wengi. Chukua tangi lenye maji lita 200 hasa, yaani baada ya kutoa nafasi ya mchanga na mawe. Unabadili lita 40 kila wiki na unataka kufika gramu 6 kwa lita kwa wiki 4, yaani kupanda gramu 1.5 kila wiki. Wiki ya kwanza utatia gramu 300. Wiki ya pili, zile lita 40 unazotoa zinaondoka na gramu 60, kwa hiyo tia 360. Ya tatu tia 420, ya nne 480. Ukitia 300 tu kila wiki, mwisho wa wiki ya nne utakuwa na gramu 4.4 kwa lita badala ya 6, na utalaumu haidromita bure. Ukishafika, kila badiliko la lita 40 linahitaji gramu 240.

Maji yaliyokauka ni habari nyingine. Yanayoruka ni maji peke yake, chumvi inabaki. Jazia kwa maji baridi yasiyo na chumvi hadi alama uliyochora kwenye kioo. Anayejazia kwa maji ya chumvi hupandisha kiwango polepole bila kujua, hadi siku anapokuta samaki wanahema juu.

Usiharakishe pia kwa sababu ya chujio. Bakteria wa humo wanaovunja amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, wanahitaji muda kuzoea chumvi. Ukiruka ghafla wanadhoofika na amonia inapanda. Na hapo pH ya juu inakuwa adui: ikitoka 7 kwenda 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara 10. Kiasi ambacho kilikuwa si kitu kwenye maji baridi sasa kinachoma matamvua. Pima amonia na nitriti (sumu inayotokana na amonia ikivunjwa) siku mbili baada ya kila kupandisha, na zisiposoma sifuri, wiki hiyo usiongeze chumvi.

Kuhusu nafasi, jozi ya wa chungwa inatosheka na lita 100. Wa kijani wanataka lita 400 na kundi la 6 au zaidi, maana wakiwa wawili watatu mmoja huonewa mpaka afe. Wapeni majani: mchicha uliochovywa maji moto, njegere zilizomenywa, spirulina (mwani mkavu). Mimea ya tangini wataimaliza.

Jambo la mwisho ni kuhusu kuwatoa vifaranga kwa wazazi mara wanapoogelea. Wa chungwa hutaga mayai 200 hadi 300 juu ya jiwe, yakining'inia kwa vikonyo, na wazazi wote wawili hulinda. Vifaranga huwagongagonga wazazi ubavuni wakila ute wa ngozi. Ukiwatenga mapema unawanyima chakula hicho. Waacheni humo, waongezewe artemia (vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba) walioanguliwa siku hiyo, na mdomo wa chujio ufungwe sponji, maana huko ndiko wengi hupotelea.

Sisi wafugaji wa samaki wa mapambo