Sumu ya Owino Uhuru isisubiri rufaa

Mhariri,

Mahakama ya Juu ilipowapa ushindi wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa uliochafuliwa na sumu ya kiwanda, Desemba 6, 2024, wengi wetu tulishangilia. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi Julai 2020, kisha ikabatilishwa na Mahakama ya Rufaa Juni 2023, ilirejeshwa. Sawa. Ila hebu tuhesabu miaka.

Kiwanda kile cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kilifungwa 2014. Kesi ikawasilishwa 2016. Mtoto aliyezaliwa mwaka tanuri lilipowashwa alikuwa kijana wa miaka 17 neno la mwisho liliposemwa. Na risasi ikishaingia katika damu ya mtoto huuharibu ubongo. Hakuna hundi itakayoutengeneza.

Ninalolililia hasa ni udongo. Hukumu ya 2020 iliwapa walioshtakiwa miezi minne wasafishe udongo na maji, wakishindwa zitoke shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Jaji hakuwabana wenye kiwanda peke yao. NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, ilibebeshwa sehemu kubwa zaidi ya lawama. Basi ni NEMA hiyohiyo, mlinzi wetu wa mazingira, iliyokata rufaa!

Kukata rufaa ni haki ya kila mtu. Nani alipwe ngapi, hilo mawakili wabishane hata miaka kumi. Lakini sumu iliyo chini ya nyayo za watoto ingetengwa na ubishi huo tangu siku ya kwanza: usafishaji uanze, jaji aitishe ripoti kila miezi mitatu, na mkubwa asiyeileta aitwe ajieleze mwenyewe kizimbani, asitume wakili.

Tena mahakama haina haja ya kungoja watu waugue. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu yeyote kwenda kudai haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia, na mahakama inaweza kuamuru uchafuzi uzuiwe au ukomeshwe. Hili wengi hatulijui. Mtaani kwetu kuna mtaro ambao maji yake hubadilika rangi usiku, kiwanda cha jirani kinapofungulia. Tulipolalamika katika ofisi moja tuliulizwa, "Nani amelazwa?" Tukarudi nyumbani kutafuta mgonjwa, na kusema kweli tulikaribia kusikitika tulipomkosa.

Sasa tumeshajaza chupa tatu za maji yale, kila moja na tarehe yake. Safari hii tunakwenda moja kwa moja kwa msajili wa mahakama.

Mkazi wa Changamwe,
Mombasa