Watoto wa Bagamoyo wafundishwe dansi mapema

Mhariri,

Binti yangu wa darasa la tatu anataka kuwa mchezaji wa baleti, ile dansi ya kusimama juu ya ncha za vidole. Majirani wanacheka. Mimi sicheki, maana Michaela DePrince alizaliwa Sierra Leone mwaka 1995, akawa yatima wa vita, akaona picha ya mchezaji baleti kwenye jarida na kuing'ang'ania. Alipolelewa Marekani akafundishwa tangu utotoni, na baadaye akaajiriwa na Baleti ya Taifa ya Uholanzi.

Neno kubwa hapo ni utotoni. Nyonga, vifundo na mgongo huzoezwa polepole kwa miaka mingi; hata vile viatu vya ncha ngumu mtoto havai mpaka miguu yake ipate nguvu. Misty Copeland, mchezaji baleti maarufu wa Marekani, alianza na miaka 13, wakamwona kachelewa! Na wengi hustaafu kabla ya miaka 40.

Sisi tuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, lakini vijana wengi huingia pale baada ya kidato cha nne. Kwa baleti, jua limeshatua. (Hata sindimba, nani aliijifunza ukubwani akaiweza?)

Naomba chuo na halmashauri wafungue darasa la Jumamosi kwa wanafunzi wa msingi. Ada wazazi tutachanga. Tunachoomba ni mwalimu na sakafu ya mbao, kwani kurukaruka juu ya saruji huumiza miundi ya watoto.

Mzazi,
Dunda, Bagamoyo