Kabla barua ya usharika haijasomwa

Bielefeld, Ujerumani, Jumapili jioni

Mpendwa rafiki yangu,

Bwana Yesu asifiwe! Natumaini hujambo, na wa nyumbani hawajambo, na mtoto kikohozi kimemwacha. Mimi mzima, nakula, nalala, kazi naiweza. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hapo dukani inashikwa na kila mtu, na neno hili sitaki lizunguke Mlalo kabla halijamfikia mama. Wageni wanaokuja Lushoto wamekubali kunibebea.

Neno lenyewe linahusu familia niliyofikia. Ila ngoja kwanza nikueleze nyumba, usije ukadhani nina shida.

Siku niliyofika walinikabidhi ufunguo wa mlango mkubwa hata chai sijanywa. Viatu vinaachwa mlangoni. Chumba changu kiko juu kabisa, chini ya paa, na blanketi ni zito hivi kwamba baridi ya huku haijanishinda. Sisi wa Usambara baridi tunaijua. Takataka zina mapipa manne, na mtoto wao wa kiume ndiye mwalimu wangu wa mapipa, mkali kuliko mwalimu wetu wa kwaya. Jumapili maduka yamefungwa na hata kupiga msumari ukutani hairuhusiwi. Jioni hawapiki: ni mkate, jibini, matango na chai, kila mtu na kibao chake cha mbao badala ya sahani. Mama akiuliza, mwambie chakula cha moto nakipata mchana kazini, asije akaanza kulia.

Basi ni mezani hapo nilipoanza kuona. Jioni ya kwanza niliinamisha kichwa, nikisubiri baba mwenye nyumba aombee chakula. Kimya. Nikaomba mwenyewe, kwa sauti ya chini. Nilipofumbua macho, yule mtoto alikuwa amekizamisha kisu kwenye siagi na kukiacha hapohapo, anamtazama baba yake. Na baba amekunja mikono, ananisubiri nimalize. Hawaombi. Lakini tangu siku ile hakuna anayegusa mkate mpaka niseme amina, na mtoto naye anaitikia amina kwa nguvu, ndipo kisu kinaendelea na safari.

Baadaye mama wa hapa akanipeleka ofisi ya mji kujiandikisha, maana kila anayehamia ni lazima aandikishwe. Kwenye fomu kuna swali la dini. Nikamuuliza serikali inataka kujua ya nini. Kumbe huku serikali ndiyo inayolikusanyia kanisa! Mshirika anakatwa kodi ya kanisa, na katika jimbo hili ni asilimia 9 ya ile kodi yake ya mapato. Asiyetaka tena hapotei kimyakimya kama wale wetu wanaoacha tu kuleta bahasha ya sadaka. Anakwenda mahakamani na kitambulisho chake, anatia saini kwamba ametoka kanisani, analipa euro 30, basi. "Mimi bado nimo," akaniambia, "mume wangu alitoka."

Mahakamani, rafiki yangu! Usiku ule sikulala. Si kwamba niliwakasirikia. Nilikuwa nawaona wazee wetu kwenye mnada ule wa sadaka, mayai, jogoo wa yule bibi wa kule juu, viazi, vyote ili mimi nipate pasipoti na koti. Wakasimama kanisa zima wakaniombea, ninakwenda kwa ndugu zetu katika Kristo. Wamisionari waliofungua Mlalo mwaka 1891 walikuwa wa misheni ambayo baadaye makao yake yakawa hapahapa Bethel, kituo cha huduma cha kikanisa ninapofanya kazi. Kwa wazee wetu huku ndiko shina. Nani atawaambia kwamba tangu mwaka 2022 Waprotestanti na Wakatoliki, ukiwajumlisha, hawafiki nusu ya watu wa nchi hii?

Na bado Bethel yenyewe ipo, inafanya kazi tangu 1867 ilipoanza kwa kuwatunza watu wenye kifafa. Sasa ni kama mji, na nyumba zina majina ya Biblia, Nazareti, Sarepta. Hiyo nitakuandikia siku nyingine, ni ndefu.

Narudi kwa baba wa hapa. Jumapili ya kwanza alinisindikiza mpaka kanisa la Sayuni, kule juu kilimani. Nilidhani ataniacha mlangoni. Akaingia, akakaa pembeni yangu. Matarumbeta yakapigwa, yaleyale ya kwetu, nikahisi machozi. Namba za nyimbo zimebandikwa ukutani, na mimi kitabu chao bado kinanipa tabu. Yeye ndiye aliyekuwa ananifunulia, ananionyesha ubeti kwa kidole. Na anaimba! Besi nzito, ubeti wa tatu na wa nne hatazami kitabu. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, maana nilishindwa kuvumilia. Akasema kuimba hakuacha. Kilichomshinda ni kulipia asichokiamini huku amenyamaza. Hakusema kwa uchungu. Akaniuliza kama nina glovu za kutosha.

Sasa Mwinjilisti ameniletea ujumbe: niandike barua ya kusomwa baada ya matangazo, "tueleze familia ya Kikristo uliyofikia." Nimeanza mara nyingi, naishia kwenye salamu. Nikiandika kwamba ni familia ya maombi, nimewadanganya wazee walionituma. Nikiandika kwamba baba ametoka kanisani na kuishia hapo, nimemtendea vibaya mtu anayenyamaza kila jioni kwa ajili ya sala yangu. Nimeamua kuandika yote, meza, mahakama na kitabu cha nyimbo. Wakinung'unika, wanung'unike wakiwa wanaujua ukweli.

Ninachokuomba ni hiki: nenda kwa mama siku ya soko, kabla ya Jumapili hiyo. Mwambie wewe, taratibu, mkiwa wawili. Asilisikie kanisani mbele ya watu, atadhani nimetupwa kwa wapagani na presha itapanda. Anza na habari ya glovu.

Na wewe unaonaje? Ungekuwa wewe ungeandika? Mama Mchungaji atalichukuliaje, au nimwandikie yeye kwanza? Je, yule bibi wa jogoo bado anaumwa mguu? Vuli imeanza kunyesha huko au bado? Nani anaimba sehemu yangu kwenye soprano, na lile tarumbeta lililopasuka limetengenezwa? Yule mwenzetu wa Lushoto ameolewa kweli au ni maneno ya watu? Na wewe, ile hospitali ulikwenda, au bado unaahirisha?

Wageni watarudi huku mwisho wa mwezi. Wape jibu liwe kwenye bahasha iliyofungwa, na nafasi ikipatikana kwenye begi lao niwekee majani ya chai, pakiti mbili, moja ya mezani kwa hawa.

Ni mimi mwenzako wa soprano