Usizisugue Sarafu za Bibi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, na picha za sarafu zilizomo katika kopo la bibi yako nimezitazama moja moja. Umeniuliza kama ukubali bei uliyotajiwa na yule mnunuzi wa Kariakoo kwa sarafu zote pamoja. Usikubali bado, kwa sababu bei ya haki haijulikani kabla ya kupima hali ya kila sarafu, na sarafu haziuzwi kwa fungu kama nyanya.

Kwanza nakusihi, mama, usizioshe wala usizisugue. Nilipokuwa na umri kama wako niliisugua rupia ya 1891 kwa majivu na limau usiku wa kuamkia siku ya kuiuza, nikiamini kwamba iking'aa itapata zaidi. Mnunuzi aliipeleka dirishani, akaiinamisha polepole kwenye jua, nami nikaona mikwaruzo myembamba isiyohesabika, yote imelala upande mmoja kama alama za ufagio kwenye uwanja wa mchanga. Akanilipa thamani ya fedha iliyomo tu. Ule weusi nilioudhani uchafu ulikuwa ngozi ya sarafu, iliyojijenga kwa miaka mingi, na hakuna awezaye kuirudisha. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Anza na rupia. Ipeleke kwenye mizani ya sonara: rupia ya Kijerumani, ile iliyotumika huku kwetu enzi za Wajerumani, ikiwa mpya ina gramu 11.66, na sehemu 917 katika kila 1,000 ni fedha. Ikiwa imechakaa itapungua kidogo, lakini ikipungua gramu mbili nzima, iweke kando, kwani yaelekea ni bandia. Kisha tazama sehemu zilizoinuka, maana ndizo zinazolika kwanza: kofia ya Kaisari Wilhelm wa Pili, masharubu yake na shavu. Kagua pia ukingo wa juu kama una lehemu, kwa kuwa bibi zetu walizivaa rupia kama vidani. Kwetu kidani hicho kina heshima yake, lakini mkusanyaji huihesabu lehemu kuwa jeraha.

Zile za heller 20 za mwaka 1916, ambazo jina lake ndilo lililotuachia neno hela, zinahitaji subira zaidi. Zilipigwa Tabora wakati wa vita, katika karakana ya reli, baada ya Waingereza kuziba njia ya bahari na sarafu kutoka Ujerumani kukoma kufika, na ndiyo sababu zina herufi T. Mafundi walifanya kazi kwa haraka, wakitumia shaba nyekundu na shaba ya manjano waliyoweza kuipata, hivyo nyingi zilitoka na taji au maandishi hafifu tangu siku ya kwanza. Mnunuzi mjanja atakuambia kwamba sarafu imechakaa. Mwombe lenzi uangalie mwenyewe: palipolika kwa vidole pamekuwa laini na rangi yake imebadilika, ilhali pale ambapo muhuri haukukaza bado pana ule ukavu wa kipande cha shaba kilivyokuwa kabla ya kupigwa. Tofauti hiyo ndogo huweza kuipandisha sarafu daraja zima la ubora.

Senti kumi yenye tundu ya 1936 isikubabaishe. Ni kweli ina jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyeacha ufalme kabla mwaka haujaisha, na wengi huiita adimu kwa sababu hiyo. Lakini zilipigwa kwa wingi sana, na iliyochakaa haina bei kubwa.

Madaraja ya ubora wa sarafu utakayoyasikia yanatokana na kipimo cha William Sheldon cha mwaka 1949, kuanzia 1 hadi 70, alichokitunga kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haijapita katika matumizi. Za bibi zilikwenda sokoni na kurudi, kwa hiyo tusizitafute huko juu. Ukitaka kulinganisha bei, tazama zile zilizolipwa kweli mnadani kwa sarafu ya aina na daraja hilo hilo, wala si bei ambazo wauzaji wanatamani.

Zishike kwa ukingo tu, kila moja uiweke katika bahasha yake ya karatasi, na uziepushe na mifuko ya plastiki laini, ambayo huziachia utando wa kijani. Nitakuja Idi ikikaribia, pamoja na lenzi yangu, tuzipange mezani wawili sisi kabla hujamjibu mtu.

Baba yako