Shule za msingi Dodoma zisilinganishwe kwa wastani pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalojirudia hapa Dodoma kila matokeo ya darasa la saba yanapotoka, nalo ni orodha za shule za msingi za serikali zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, zikiwa zimepangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho kwa kigezo kimoja tu, yaani wastani wa alama. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023. Hata hivyo, matokeo ya kila shule bado yamo kwenye tovuti yake, na mtu mwenye simu na subira ya jioni moja anaweza kuipanga halmashauri nzima kabla hajalala. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilimhamisha mwanangu kwa kutegemea orodha ya namna hiyo.

Alipofika katika shule hiyo iliyokuwa juu, tulikuta wanafunzi wa darasa lake wamekaa wanne wanne kwenye dawati, kwa sababu wazazi wengine nao walikuwa wameisoma orodha ileile. Kiwango ambacho Serikali imejiwekea ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Chumba kile kilikuwa kimekwisha kukipita kiwango hicho kwa mbali, na sifa iliyotuvuta sote ilikuwa ya watoto waliokwisha kuondoka.

Watetezi wa orodha hizi husema kwamba ulinganisho ni wa haki kwa kuwa shule zote zimo katika halmashauri moja. Jiji la Dodoma lina kata 41. Ndani yake zimo Makole na Kikuyu, imo Mtumba yenye mji wa Serikali, na zimo pia Hombolo, Mbabala na Chihanga, ambako familia nyingi zinaishi kwa kilimo na mifugo na mtoto anaweza kufika darasa la kwanza akiwa anajua Kigogo vizuri kuliko Kiswahili anachofundishiwa. Tena orodha hizo huchanganya shule za kawaida na zile za serikali za mchepuo wa Kiingereza zinazotoza ada, kana kwamba mzazi anayelipa ada na yule asiyelipa wamepewa kitu kimoja.

Wastani wenyewe nao ni kipimo chepesi kuyumba. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Tuchukue mfano wa shule yenye watahiniwa 30 na wastani wa alama 180. Wakitoka watatu ambao kila mmoja angepata 60, ama kwa utoro, ama kwa kuhama, ama kwa kukariri darasa la nne na kuchelewa nyuma, wastani wa waliobaki unapanda hadi 193, ilhali hakuna hata mmoja aliyefundishwa zaidi. Katika shule yenye watahiniwa 180, watatu haohao wangetoka pasipo mtu kuona tofauti ya maana. Ndiyo maana enzi za kupanga shule Baraza lilikuwa likizitenga zenye watahiniwa chini ya 40 na zile za 40 au zaidi, tahadhari ambayo watengenezaji wa orodha za simu wameiacha kabisa.

Kipimo kingine kipo, tena kimekwisha kuandikwa. Mpwa wangu anasoma katika shule ya pembezoni ambayo kwenye orodha hizo iko chini sana. Mwaka jana nilikwenda kumwona mwalimu mkuu, na wakati namsubiri nikausoma ubao ulio ukutani mwa ofisi yake, kama ulivyo katika ofisi nyingi za walimu wakuu nchini: mahitaji, waliopo, upungufu, walimu, madawati, matundu ya vyoo, nyumba za walimu. Vichwa vya safu vilikuwa vimepakwa rangi, na tarakimu za mahitaji pia zilikuwa za rangi. Safu ya walimu waliopo peke yake ndiyo iliyoandikwa kwa chaki, na mahali pale palikuwa pamefutwa mara nyingi hadi weusi wa ubao umebanduka. Sikuhitaji maelezo mengine kuhusu uhamisho wa walimu katika shule ile.

Ruzuku ya uendeshaji hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi, kwa kiwango kilekile mjini na vijijini, na huo ndio usawa tunaoupigia makofi. Chakula cha mchana hakimo katika hesabu hiyo. Katikati ya mji wazazi huchanga fedha na watoto wanakula. Pembezoni mchango ni debe la mahindi, na kwa kuwa sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, mvua zikikatika mapema hilo debe halipatikani, na mtoto aliyetembea asubuhi anasoma hadi mchana bila hata kikombe cha uji.

Ombi langu kwa ofisi ya elimu ya halmashauri ni dogo. Zitolewe hadharani, shule kwa shule, tarakimu za ubao ule ambazo tayari walimu wakuu wanazo, zikiambatana na idadi ya waliofanya upimaji wa darasa la nne na idadi ya waliofika darasa la saba miaka mitatu baadaye. Zibandikwe katika ofisi za kata na zitoke kabla ya Januari, wakati wazazi wanapoandikisha na kuhamisha watoto. Nami nawaomba wazazi wenzangu, kwenye mkutano wa shule unaofuata, kabla ya kuuliza tumekuwa wa ngapi, tumwombe mwalimu mkuu atusomee ile safu ya chaki.

Mzazi na mjumbe wa zamani wa kamati ya shule,
Dodoma