Mteremko wa muda sawa: maandalizi ya Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tutachora kwenye Algodoo, programu ya kuigiza fizikia kwenye kompyuta, ule mkunjo wa muda sawa alioubaini mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1659, yaani saikloidi: mkunjo unaochorwa na nukta iliyo ukingoni mwa duara linalobingirika kwenye mstari ulionyooka, hapa ukiwa umepinduliwa. Achia gololi moja juu na nyingine karibu na chini kwa wakati mmoja, zitafika chini pamoja. Inapendeza mno kuiona!

Hapa ndipo wengi hukwama, nawaomba msome taratibu. Kinachopaswa kufuata saikloidi ni kitovu cha gololi, si njia yenyewe. Kwa hiyo njia ichorwe chini ya saikloidi, umbali sawa na nusukipenyo cha gololi, mkipima kwa pembemraba na mkunjo. Msuguano uwe mkubwa, mdundo sifuri, ukinzani wa hewa uzimwe. Msianzie kileleni kabisa, maana pale njia ni wima na gololi itateleza badala ya kubingirika.

Kwa saikloidi ya duara lenye nusukipenyo cha mita 1, kitu kinachoteleza bila msuguano huchukua sekunde 1.00 hivi. Gololi zetu kwenye programu ni visahani vinavyobingirika, na sehemu ya nishati huenda kwenye kuzunguka, kwa hiyo tarajieni sekunde 1.23. Ukipata tofauti kubwa, tuma hapa picha ya mipangilio yako kabla ya Ijumaa usiku.