Hema lako ni jepesi mno, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa sababu sauti ninazokutumia kwenye WhatsApp husikilizi mpaka mwisho. Naona alama zimegeuka buluu, kisha wanijibu "sawa mama" kwa jambo ambalo sikulisema. Barua angalau utaisoma ukiwa kwenye basi la kwenda kazini.

Picha ya hema ulilonunua la kwenda kuwindia milimani nimeiona. Dadako aliikuza mpaka nikasoma maandishi ya kwenye mfuko: gramu 890. Na wewe umeweka kikatuni cha kucheka. Mimi sikucheka. Mfuko wa vigingi vya mahema yangu ya arusi ninayokodisha, peke yake huinuliwa na vijana wawili.

Utaniambia mahema ya arusi si mahema ya mlimani. Kweli. Yangu ni ya plastiki nzito, hupakiwa kwenye pikapu na hulala usiku mmoja. Lako utalibeba mgongoni kupanda milima ya Alps ya huko Nyuzilandi, na ukirudi una nyama juu yake. Lakini upepo ni upepo, na kuujua ndiko kulikonisomeshea nyinyi. Siku ya arusi ya Kizingo, vigingi viliposhindwa na upepo, waikumbuka, sina haja kuisimulia. Tangu siku ile kigingi cha mti hakiingii kwenye gari langu.

Sikiza basi. Upepo wa kilomita 80 kwa saa hausukumi mara mbili ya ule wa kilomita 40. Husukuma mara nne. Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu. Hulijaribu hema uwanjani penye upepo wa kupeperusha kanga, likasimama, wakasema hili zuri. Huko juu mgongoni mwa mlima ni mambo mengine.

Nimemuuliza ami yako, si wajua alivyozeeka baharini. Amesema kusini kule, baina ya nyuzi 40 na 50 kusini mwa ikweta, upepo wa magharibi huizunguka bahari bila kukutana na nchi kavu ya maana, na kisiwa chenu kimekaa katikati ya njia yake. Milima ndiyo inayoupokea. Kisha akaniambia jambo ambalo limeninyima usingizi: huanza kuvuma kutoka kaskazini-magharibi, mkali, siku nzima pengine, halafu mvua ya baridi ikifika upepo hugeuka ghafla na kuja kutoka kusini. Sisi hapa kaskazi na kusi hupeana zamu kwa miezi, mtu ana wakati wa kufunga na kufungua. Nyinyi mwageuziwa kwa saa chache, tena usiku.

Ndiyo maana nimeuliza hema lako lina fito ngapi, nawe hukunijibu. Nimetazama picha tena: halina hata ufito mmoja wake. Husimamishwa kwa zile fimbo zako za kutembelea! Mwanangu, fimbo mbili na kitambaa. Na ndani ni chandarua kitupu. Chandarua ni cha mbu, na mlimani huko mwezi wa Juni ndio msimu wao wa baridi, hakuna mbu, kuna theluji. Upepo ukiichukua theluji laini huipitisha chini ya turubai la nje na kwenye vitundu vya chandarua, ukaamka mto wako umelowa.

Yapo mahema mazuri yenye umbo la bomba, yana fito mbili tatu zilizopinda sambamba. Ni mepesi kwa ukubwa wake na yanavumilia sana, ila uyaelekeze kichwa kwenye upepo. Ukipigwa ubavuni, fito zalala. Kwa mahala ambapo upepo wajua unakotoka, ningekwambia nunua hilo. Kwa huko kwenu nataka lile la fito zinazopishana, tatu au nne, zikikatana juu zaidi ya mara moja, kwa sababu kila zinapokatana zinasaidiana, na upepo ukigeuka hema halijali. Litakuwa na kilo mbili na nusu, labda tatu. Gawaneni na mwenzako, mmoja abebe kitambaa, mwengine fito na vigingi. Hapo kila mtu ana kilo moja na kitu. Gramu zako ukitaka kuzipunguza, punguza sufuria na zile nguo za kubadilisha. Wewe tangu lini ukabadilisha nguo?

Fito ziwe za alumini. Za nyuzi za kioo ni rahisi, lakini baridi kali huzitia ufa na zikivunjika hupasuka vijiti vijiti na kuchana kitambaa. Na beba kile kipande cha bomba cha kuvisha juu ya ufito uliovunjika. Kina gramu chache mno.

Kitambaa je? Wenye maduka hukitaja kwa denia: uzi wa mita 9,000 ukiwa na uzito wa gramu 20, ni denia 20. Lako nimesoma ni 10. Mimi nimeshona miaka mingi na sijapata kuona kitambaa cha hivyo nikakiamini kwenye mawe. Chukua cha 20 au 30 kwa turubai la nje, na sakafu izidi hapo. Nailoni iliyopakwa silikoni pande zote mbili ni ngumu kuchanika, lakini ikilowa hulegea, kwa hivyo kabla ya kulala utoke ukaze kamba tena. Utoke, usiseme baridi. Poliesta hailegei hivyo. Na utazame mishono: utepe haushiki juu ya silikoni, mshono wapakwa silikoni ya maji kwa brashi na kuachwa ukauke. Kama kiwandani hawakupaka, paka mwenyewe nyumbani, usingoje kufika huko.

Halafu kamba na vigingi, hapo ndipo mtu mbahili hujulikana. Vile vijiti vyembamba mfano wa sindano wanavyokupa na hema, watupie. Nunua vyenye pande tatu, virefu. Funga kamba kila panapo kitanzi, si pembe nne tu. Penye mwamba kigingi hakiingii: funga kamba kwenye jiwe dogo, kisha weka jiwe kubwa mbele yake kulizuia. Penye theluji jaza theluji kwenye vifuko, uvifukie. Unaposimamisha, funga kwanza upande unakotoka upepo, ndipo uinue fito. Mlango uufunge, kwa sababu upepo ukiingia ndani au chini yake hulinyanyua hema.

Na usipige hema juu kabisa ya mgongo wa mlima kwa sababu ya kupiga picha, wala palipobonyea baina ya vilele viwili, upepo wote hupita hapo. Bondeni kabisa nako baridi hutuama. Tafuta nyuma ya mawe makubwa, na hakikisha si njia ya maji wala ya theluji kuporomoka. Nimesikia serikali yao ina vibanda zaidi ya 900 huko maporini kwa ajili ya watu kulala. Utabiri ukiwa mbaya, lala kibandani. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka mpe namba yangu.

Kupika ndani ya hema, hapana. Wajua jiko la makaa limewafanya nini watu waliofunga dirisha.

Haya, kuwinda kwenyewe. Nimejivuna, siwezi kuficha. Hapa Kenya kuwinda kumepigwa marufuku tangu 1977, kwa hivyo vijana wa barazani wanafikiri nawatania. Nimewaambia wanyama hao, tahr, ni jamaa ya mbuzi, asili yao Himalaya, walipelekwa huko 1904 karibu na mlima wa Aoraki, na sasa wamekuwa wengi wanamaliza majani ya milimani mpaka serikali inataka wapunguzwe. Kijana mmoja akasema basi mwanao ni mtumishi wa umma. Lakini mbona shangazi yako alijua habari hii kabla yangu? Mimi ndiye mamako, nikasikia msibani.

Kibali cha kuwinda mchukue, na bunduki usiishike ila mwenye leseni yuko ubavuni mwako, ndiyo sheria yao. Sheikh ameniambia utaje jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na ukimkuta mnyama bado ana uhai umchinje. Bebeni kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, na mtu wa mjini ajue mwarudi lini. Huyo mtu awe na namba ya dadako, si yangu, mimi nitakufa kabla sijapokea.

Hema hilo la gramu 890 si baya, usidhani nalichukia. Liweke la kiangazi. Kama shida ni pesa, sema. Najua umetuma za ada ya mdogo wako mwezi huu na mimi sikusema asante, nilisema zimechelewa. Basi mwezi ujao usitume, nunua hema. Mahema yangu mawili yana watu wa kuyakodi mpaka mwisho wa mwezi, tutakula.

Maji ya mfereji hayajaja wiki hii, twanunua kwa mikokoteni. Tangi la juu limepasuka pale pale fundi wako alipoziba, nimemwita akasema anakuja. Mpangaji wa chini amehama na funguo. Mdogo wako ameongeza alama za hesabu lakini Kiswahili kimemshinda, mtoto wa Mombasa, sijui aibu hii niipeleke wapi. Mpigie umseme wewe, mimi amenizoea. Na ile pikapu yataka matairi mawili ya nyuma, wanaoniuzia wanataka kunipa ya mtumba. Niulizie kwa yule rafiki yako wa Changamwe bei ya mapya, ukinitumia picha ya fito unitumie na bei hiyo.

Mamako